Kabla ya kununua kompyuta mpya, lihoji faili



Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, chumba cha kulala cha kijana ndicho pia karakana yake. Binti aliyemaliza masomo hubuni kadi za mwaliko wa harusi. Kaka yake huchora mabango ya maduka, vyeti vya madrasa na nembo za vikundi vya kina mama. Mtaji wa kazi hiyo ni kompyuta moja, mara nyingi iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na programu ya kuchorea. Kazi zikianza kupatikana, huja pia lalamiko ambalo wazazi wengi wameshalisikia: kompyuta imekuwa nzito, ukisogeza ua moja tu skrini inaganda, basi inunuliwe nyingine.

Lalamiko hilo si dogo. Upande mmoja pana ahadi kwa mteja, na mwenye harusi hawezi kuombwa asogeze siku ya nikaha kwa sababu mashine imeganda. Upande wa pili pana fedha za familia: ada ya shule, kodi ya nyumba, akiba ya kikoba. Na katikati huingia dhana mbaya. Baba akipita mlangoni humwona kijana amekaa mikono imekunjwa, akamdhania mvivu, kumbe mwenzake anasubiri mchoro umalize kujichora upya.

Makala ya leo inakusudia kuwasaidia wote wawili, kijana na mzazi wake, wajue uzito huo unatoka wapi kabla shilingi haijatoka mfukoni. Mifano tutaichukua katika Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 na inayotumiwa na wabunifu wengi wasio na uwezo wa kulipia leseni. Hata hivyo kanuni zake hazibadiliki sana kwa anayetumia CorelDRAW au Adobe Illustrator.

Mchoro huu ni hesabu

Picha ya simu ni zulia la vidoto vya rangi viitwavyo pikseli. Kompyuta haina la kufikiri; hupokea rangi ya kila kidoto na kuiweka mahali pake. Mchoro wa vekta ni kitu kingine kabisa. Faili lake halina vidoto, bali lina maelezo: anzia nukta hii, pinda hivi, ishia nukta ile, jaza rangi ya kijani. Kila unapokuza, kusogeza au kubadilisha kitu, kompyuta huyasoma maelezo hayo na kuipiga hesabu upya kwa sehemu inayoonekana. Ndiyo maana nembo moja hutosha kwenye kadi ya biashara na pia kwenye bango la ukutani bila kupoteza ukali wake.

Hesabu hiyo ilikuzwa na wahandisi wa magari. Katika miaka ya 1960 Pierre Bézier wa kampuni ya Renault nchini Ufaransa aliutangaza utaratibu wa kueleza mpindo wa bodi ya gari kwa nukta chache tu. Mwenzake Paul de Casteljau alikuwa ameshaifikia njia kama hiyo ndani ya kampuni ya Citroën. Programu zetu za leo zinatumia mipindo ile ile. Siri yake ni uchache: mstari mrefu na laini huelezwa kwa nukta nne.

Hapa ndipo penye shina la tatizo. Mchoro wa vekta huwa mwepesi pale maelezo yake yanapokuwa machache. Mbunifu akiyaacha yawe maelfu kwa maelfu, hata mashine ya bei kubwa itaanza kuhema.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Tabibu hatoi dawa kabla ya kupima, na fundi wa kompyuta afuate mwendo huo huo. Vipimo vyenyewe havichukui robo saa.

Kipimo cha kwanza: fungua ukurasa mpya usio na kitu, chora maumbo kumi, yasogeze na uyakuze. Ikiwa kazi inakwenda kwa ulaini, basi programu na mashine ni wazima, na ugonjwa uko ndani ya faili la mteja. Ikiwa hata ukurasa mtupu ni mzito, faili halina hatia.

Kipimo cha pili: lifungue tena faili zito, kisha uende kwenye menyu ya View, sehemu ya Display Mode, uchague Outline. Programu itaonyesha mistari mitupu bila rangi wala vivuli. Wenye Illustrator hupata hali hiyo kwa Ctrl na Y, na wenye CorelDRAW huikuta kwa jina la Wireframe. Mchoro ukiwa mwepesi ghafla, mzigo uko kwenye rangi, picha na athari za ukungu. Ukibaki mzito vile vile, mzigo uko kwenye wingi wa mistari na nukta zake. Inkscape ina hali nyingine iitwayo No Filters, inayoondoa athari peke yake na kuziacha rangi. Hiyo hupambanua zaidi.

Kipimo cha tatu ni kwa wenye Windows: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha prosesa, kumbukumbu na diski zinatumika kwa kiasi gani. Liache wazi wakati unafanya kazi. Matokeo yake tutayarudia mbele tutakapofika kwenye mashine.

Nodi zilizozidi

Nukta zinazouongoza mstari huitwa nodi. Nyota ya pembe nane, ile inayopendwa kwenye mapambo ya vyeti na kadi zetu, inahitaji nodi 16 tu: nane za ncha za nje na nane za ndani. Ukiipanga mara 40 kwa upana na mara 40 kwa urefu, utapata nyota 1,600 na nodi 25,600. Huo ni mzigo unaobebeka.

Sasa tuseme kijana hakuichora nyota, bali alipiga picha pambo la ukutani kisha akaiamuru programu iifuatishe picha hiyo kuwa mistari. Programu haijui kwamba ile ni nyota. Inafuata kila mkwaruzo, kila kivuli na kila chembe ya vumbi. Nyota moja ikitoka na nodi 200, zile 1,600 zitakuwa na nodi 320,000. Kwa macho ni pambo lile lile. Kwa kompyuta ni mzigo zaidi ya mara 12.

Kuhesabu nodi ni rahisi. Chagua umbo, bonyeza herufi N ili ushike kifaa cha nodi, kisha Ctrl na A. Mstari wa chini ya dirisha utakutajia idadi. Umbo dogo likionyesha maelfu, umempata mmoja wa wahusika.

Dawa ya kwanza ni kulichora upya kwa mkono. Nyota ya pembe nane ni miraba miwili, mmoja umegeuzwa nyuzi 45 juu ya mwingine, kisha vimeunganishwa kuwa umbo moja. Ni kazi ya dakika mbili. Dawa ya pili ni amri ya kurahisisha mstari, yaani Ctrl na L. Itumie mara moja kisha utazame, kwa maana ukiirudia haraka haraka nguvu yake huongezeka na umbo hupotoka.

Tahadhari hiyo ina uzito wa pekee kwenye maandishi ya Kiarabu. Herufi ba, ta na tha zinaachana kwa nukta peke yake. Kifaa cha kufuatisha picha kina chaguo la kufuta madoa madogo, nacho hakijui tofauti ya doa na nukta ya herufi. Kurahisisha kupita kiasi nako huweza kuunganisha meno ya sin au kuziba tundu la mim. Yeyote anayetengeneza kadi yenye Bismillahi au jina la mtu kwa Kiarabu ailinganishe kazi yake na maandishi ya asili, herufi kwa herufi, na ikibidi amwonyeshe ustadhi kabla haijakwenda kwa mchapaji.

Na njia iliyo bora kuliko zote ni kutofuatisha maandishi kabisa, ila kuyaandika. Zipo fonti za Kiarabu za bure na nzuri. Mojawapo ni Amiri, iliyobuniwa kwa kufuata mwandiko wa naskhi wa matbaa ya Bulaq ya Cairo. Maandishi yaliyopigwa kwa fonti ni mepesi, hurekebishika, na hubadilishwa kuwa mistari mwishoni tu, kwenye nakala ya kupelekwa uchapaji.

Picha kubwa ndani ya mchoro mdogo

Mhusika wa pili ni picha zilizoingizwa. Simu nyingi hupiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Faili lake kwenye simu huenda likawa dogo kwa sababu limebanwa, lakini likifunguliwa ili kuonyeshwa, kila pikseli hudai takriban baiti 4, na picha hiyo moja hushika kama baiti milioni 48 za kumbukumbu. Weka picha kumi katika kalenda ya shule, na utaona zinavyojaza nafasi.

Je, mchapaji anazihitaji pikseli zote hizo? Kipimo kinachotumika sana kwa uchapaji mzuri wa karatasi ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,181 hivi. Picha ya sentimita 10 kwa 7.5, basi, inatosheka na pikseli milioni moja na kidogo. Zile nyingine milioni kumi na zaidi ni abiria wasiolipa nauli. Kuikunja picha kwa pembeni ndani ya Inkscape ili ionekane ndogo hakuondoi hata pikseli moja. Ipunguze kwanza kwa programu ya picha, ndipo uiingize.

Wakati wa kuingiza, Inkscape huuliza kama picha iwekwe ndani ya faili au iunganishwe kutoka mahali ilipo. Ikiwekwa ndani hugeuzwa kuwa maandishi, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4, hivyo ukubwa wake huongezeka kwa theluthi. Ikiunganishwa, faili hubaki dogo na huhifadhiwa haraka, ila ukiihamisha picha itatoweka kwenye mchoro. Faili na picha zake vikae folda moja, na folda nzima ndiyo inakiliwe. Tukumbuke pia kwamba kuunganisha hupunguza ukubwa wa faili tu. Pikseli zinazopaswa kuonyeshwa ni zile zile.

Ukungu, vivuli na vilivyofichika

Kivuli laini chini ya jina la bibi harusi huwekwa kwa sekunde moja, na kwa programu huwa ni kazi nzito kuliko zote. Ili kufanya ukungu, kila pikseli huchanganywa na majirani zake. Ukikuza mchoro ili uone vizuri, ukungu nao unapanuka, na kila pikseli inapata majirani wengi zaidi wa kuchanganywa nao. Hii ndiyo sababu mchoro uliokuwa ukitembea vizuri huganda pale unapousogelea.

Ikiwa kipimo cha pili kilikuonyesha kwamba No Filters inaleta wepesi, fanya mambo mawili. Kwanza, fanya kazi katika hali hiyo na urudi kwenye hali ya kawaida pale tu unapokagua. Katika mapendeleo ya programu, sehemu ya Rendering, unaweza pia kushusha ubora wa ukungu na athari. Hilo hugusa skrini peke yake, na kazi itakayotolewa kwa mchapaji haiharibiki. Pili, mandhari ya nyuma yenye ukungu ikishakamilika, ichague na ubonyeze Alt na B ili upate nakala yake ya pikseli, kisha ya asili uihamishie katika faili jingine la akiba.

Tazama pia vilivyofichika. Wabunifu wengi hutupa vipande visivyotakiwa nje ya ukurasa, na wengine hufunika kazi ya zamani kwa mraba mweupe. Vilivyo chini ya mraba vinaendelea kuchorwa, na vilivyo nje navyo hupakiwa na kuhifadhiwa kila mara. Viondoe. Halafu nenda kwenye menyu ya File, uchague Clean Up Document, ili rangi na ruwaza zisizotumika tena zifutwe kwenye faili.

Nusu kwa nusu

Ikiwa mhusika bado hajapatikana, usianze kufuta kwa kubahatisha. Tengeneza nakala ya faili, na kazi yote uifanyie kwenye nakala. Futa nusu ya vitu. Wepesi ukirudi, mhusika yumo katika nusu iliyoondoka. Uzito ukibaki, yumo katika iliyosalia. Ichukue nusu hiyo uigawe tena. Mchoro wenye vitu 1,000 humfikisha mtu kwa mhusika kwa kugawa mara kumi tu, na anayebahatisha anaweza kukesha. Ikitokea kwamba uzito unapungua kidogo kidogo kila unapogawa, ujue hakuna mhusika mmoja, bali ni wingi wenyewe. Hapo dawa ni kuligawa faili: mandhari peke yake, maandishi peke yake, na kuviunganisha mwishoni.

Programu na mashine yenyewe

Tukirudi kwenye kipimo cha kwanza: ikiwa hata ukurasa mtupu ni mzito, anza na programu. Kila hatua unayoweza kuirudisha nyuma imehifadhiwa kwenye kumbukumbu, hivyo baada ya saa kadhaa za kazi kumbukumbu hiyo huvimba. Hifadhi, funga programu, fungua upya. Fonti nazo zichunguzwe. Kijana aliyekusanya fonti 3,000 kutoka huku na huko huifanya programu izipitie zote inapowaka na inapofungua orodha ya maandishi. Azibakishe anazozitumia, nyingine azitunze kwenye folda ya kawaida. Mapendeleo yaliyoharibika nayo huleta vituko, na Inkscape ina kitufe cha kuyarudisha katika hali ya mwanzo kwenye mapendeleo yake, sehemu ya System. Tumia toleo la karibuni lililo imara, lakini usibadilishe toleo katikati ya kazi ya mteja.

Baada ya hapo ndipo tunaigeukia mashine, na lile dirisha la kipimo cha tatu ndilo shahidi. Ikiwa kumbukumbu imejaa huku diski ikionyesha asilimia 100 kwa muda mrefu, maana yake kompyuta imeishiwa nafasi na inaitumia diski kama kumbukumbu ya kuazima, na diski ni polepole mno kwa kazi hiyo. Funga kwanza kivinjari chenye kurasa ishirini na video inayocheza pembeni. Hali ikibaki vile vile, kuongeza RAM kutasaidia kweli. Ikiwa diski ni ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD huifanya kompyuta iwake na kufungua mafaili kwa wepesi mkubwa. Vifaa hivyo viwili kwa kawaida hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, ingawa ni vizuri fundi athibitishe kwamba kompyuta hiyo inavipokea.

Ikiwa prosesa ndiyo inayofanya kazi kwa nguvu huku kumbukumbu ikiwa na nafasi, rudi kwenye faili, maana hesabu ni nyingi. Na muuzaji akishauri kununua kompyuta yenye kadi kubwa ya michezo ya video kwa ajili ya Inkscape, mzazi atulie. Programu hiyo huchora kwa kutegemea zaidi prosesa, hivyo kadi hiyo haitaondoa mgando. Kwa Illustrator kadi ya picha ina faida, ingawa baadhi ya wakati yenyewe ndiyo huleta shida. Ctrl na E humwezesha mtumiaji kulinganisha hali ya kuitumia na ya kutoitumia.

Makubaliano ya nyumbani

Kwa hiyo, mzazi, mwanao atakapokuja na ombi la kompyuta mpya, usimkatalie kwa hasira wala usifungue pochi kwa huruma. Kaa naye, mwombe akufanyie vipimo vitatu ukiwa unatazama, na akueleze kwa lugha ya kawaida alichokiona. Akiweza kukueleza kwamba faili lina nodi laki tatu au picha kumi za pikseli milioni 12, mmeokoa fedha. Na akikuonyesha kumbukumbu iliyojaa kwa faili lililokwisha kusafishwa, ujue ombi lake ni la haki, na kumnyima ni kumfungia mlango wa riziki.

Nawe kijana, jiwekee desturi tatu. Hifadhi nakala mpya ya faili kila siku kwa jina lenye tarehe, ili mgando usikurudishe mwanzo. Punguza picha kabla ya kuiingiza, wala usingoje faili lizidiwe. Na unapompa mteja siku ya kukabidhi, hesabu pia muda wa kukagua na kutoa nakala ya uchapaji, kwa maana siku ya mwisho ndiyo siku ambayo faili huwa kubwa kuliko siku zote. Ukiona mapema kwamba hutawahi, mwambie mteja mapema. Anayepewa habari siku tatu kabla hupata pa kugeukia. Anayepewa asubuhi ya shughuli hana pa kwenda.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.